Uzi, Mti na Folda: Historia Fupi ya Kupanga Mafaili katika Kompyuta

Neno faili liliingia katika Kiswahili kwa mlango wa ofisi. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na asili yake ni neno la Kilatini filum, ambalo maana yake ni uzi. Makarani wa Ulaya wa zamani walikuwa na desturi ya kuzitoboa karatasi zao na kuzitunga katika uzi au waya, kama wavuvi watungavyo samaki, na mtungo huo wa karatasi ndio uliokuwa faili. Jalada ni neno la Kiarabu, na asili yake ni ngozi, kwa kuwa vitabu vilivikwa ngozi. Masjala, mahali ambapo majalada huwekwa, nayo ni ya Kiarabu, na shina lake ni la kuandikisha. Uzi, ngozi na kuandikisha: katika maneno yote matatu hakuna hata moja litajalo kupanga. Pengine ni dalili kwamba watu walianza kuzitunza karatasi muda mrefu kabla hawajasumbuliwa na swali la mahali pa kuziweka.

Mpango wa uzi ulikuwa ni mpango wa wakati. Karatasi iliyokuja kwanza ilikaa chini, na iliyokuja mwisho ilikaa juu. Aliyetaka barua ya mwaka jana hakuwa na budi kuzipekua za mwaka huu zote. Kwa mfanyabiashara mwenye barua mia haikuwa taabu kubwa. Kwa kampuni ya reli, au serikali, ilikuwa ni msiba wa kila siku. Katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka wa 1893, kampuni ya Library Bureau, ambayo mwanzilishi wake alikuwa Melvil Dewey, yule aliyetunga mpango wa namba utumikao katika maktaba nyingi hata leo, ilionyesha namna nyingine: karatasi zisimame wima ndani ya mikunjo ya karatasi ngumu, mikunjo iwekwe katika droo, na kila mkunjo uwe na jina juu ya ukingo wake. Jambo hili laonekana dogo, lakini liliugeuza uzi juu chini. Tangu hapo karatasi iliweza kuulizwa habari zake kwa jina la jambo lililomo, bila kujali siku iliyofika. Mkunjo huo ndio folda.

Masjala za serikali ya kikoloni katika Afrika ya Mashariki zilifuata kanuni iliyo jamaa ya hiyo. Kila jambo lilikuwa na faili lake na namba yake, na kila karatasi iliyoingia ndani ilipewa namba yake pia, hata atakayelifungua faili baada ya miaka thelathini aweze kuona neno gani lilitangulia na neno gani lilijibu. Nguvu ya karani wa masjala ilikuwa katika hilo. Faili lililowekwa mahali pasipo pake halikuwa limeteketea, lakini kwa mtu aliyelihitaji siku hiyo hapakuwa na tofauti.

Hapa pafaa kutaja badiliko la maana ambalo limewakosesha wengi njia. Katika ofisi ya karatasi, faili ni chombo: ndani yake mna barua nyingi. Katika kompyuta, faili ni kitu kimoja, barua moja, picha moja au hesabu moja, na chombo cha kukusanya mafaili ni folda. Neno limehama kutoka kwenye chombo kwenda kwenye kilichomo. Sababu ya kuhama huko ni ya kihistoria. Mwaka wa 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine iliyoitwa RAMAC, yenye sahani 50 za chuma, kila moja yenye upana wa inchi 24, zikizunguka pamoja katika mhimili mmoja na kuhifadhi herufi milioni 5. Waliouunda mtambo huo wa sahani waliuita wote faili, kwa kuwa machoni pao ulishika nafasi ya kabati zima la ofisi. Miaka michache baadaye, watu wengi walipoanza kugawana mashine moja, ikawa lazima kila mmoja awe na sehemu zake zenye majina ndani ya sahani zile zile. Na sehemu hizo ndizo zilizorithi jina la faili.

Kugawana huko kulianza katika chuo cha MIT, Marekani. Mwezi wa Novemba 1961 Fernando Corbató na wenzake walionyesha mpango ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu kadha wa kadha kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu akidhani ni yake peke yake. Kila mtu alipewa orodha ya mafaili yake, na kila faili lilikuwa na jina la sehemu mbili, kila sehemu isizidi herufi sita. Orodha ilikuwa moja kwa kila mtu, bila ghorofa. Mafaili yalipoongezeka orodha ilirefuka, na mwenyewe alilazimika kubuni majina yasiyofanana, kama baba mwenye watoto ishirini na majina matano anayoyapenda.

Mwaka wa 1965 wastahili kukaliwa kitako kidogo, kwa kuwa katika mwaka huo mmoja yalitolewa makala mawili ambayo yalivuta kamba moja pande mbili, na kamba hiyo ingali inavutwa. Makala ya kwanza ni ya Robert Daley wa MIT na Peter Neumann wa maabara ya Bell. Walikuwa wakieleza mpango wa kuhifadhi mafaili katika mfumo mpya ulioitwa Multics, na fikira yao ilikuwa kwamba orodha ya mafaili yaweza kuwa na orodha nyingine ndani yake, na hiyo nyingine ndani yake, bila kikomo kilichowekwa. Umbo lake ni la mti uliopinduliwa: shina juu, matawi chini, na majani ndiyo mafaili. Kila faili lilikuwa na njia moja ya kulifikia kutoka kwenye shina, na njia hiyo ndiyo jina lake kamili. Taabu ya baba na watoto ishirini ikaisha, maana Juma wa nyumba hii si Juma wa nyumba ile.

Makala ya pili ni ya Theodor Nelson, iliyosomwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Nelson hakuwa na mashine ya kuonyesha. Alikuwa na malalamiko. Alisema kwamba mawazo ya mtu aandikaye hayakai katika matawi, bali hupita kutoka jambo hadi jambo kwa viungo vingi, na kwamba mpango mwema wa mafaili ni ule unaokiruhusu kitu kimoja kikae katika orodha nyingi kwa pamoja na kuhamishwa kila mwenyewe anapobadili nia. Katika makala hiyo ndimo alimolitoa neno lake la haipateksti. Naye hakuwa wa kwanza kulalamika. Vannevar Bush, mwanasayansi aliyesimamia utafiti wa serikali ya Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikwisha kuandika Julai 1945 kwamba kosa la mipango ya kutunza habari ni kuweka kila kitu mahali pamoja tu, na kumlazimisha mtu ashuke kutoka fungu kubwa hadi fungu dogo, kisha apande tena aanze upya. Inashangaza kidogo kuona kwamba katika mwaka huo huo wa 1965 Christopher Alexander, mtaalamu wa ujenzi, alitoa makala ya kueleza kwamba mji si mti, na kwamba wapangao miji kwa matawi huwatenganisha watu ambao maisha yao yameingiliana. Hakuwa akisema habari za kompyuta, lakini hoja ni ile ile.

Uzito wa ugomvi huu hauonekani mpaka mtu awe na kitu mkononi. Na achukuliwe mwanachuo mwenye nakala ya Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka wa 1858 na kuandikwa kwa herufi za Kiarabu. Aiweke katika folda ya tenzi? Au ya Lamu na visiwa vyake? Au ya washairi wanawake, au ya karne ya kumi na tisa, au ya hati za Kiarabu? Kila jibu ni la haki, na kila jibu lawanyima wengine haki yao. Akiiweka katika folda ya tenzi, siku atakapokusanya habari za wanawake wa Pwani nakala hiyo haitakuwamo, naye huenda akaandika kwamba habari ni chache. Kwa hiyo kupanga ni hukumu iliyotolewa mapema juu ya swali ambalo bado halijaulizwa. Daley na Neumann hawakuwa vipofu wa jambo hili. Katika mpango wao mlikuwamo kiungo, yaani jina katika folda moja lielekezalo mahali pengine. Walakini kiungo kilikuwa ni ruhusa ya pembeni, na mti ulikuwa ndio sheria.

Maabara ya Bell ilijitoa katika kazi ya Multics mwaka wa 1969, na katika mwaka huo Ken Thompson, akishirikiana na Dennis Ritchie, alianza kuunda mfumo mdogo zaidi, ambao ulikuja kuitwa Unix. Walichukua mti wakaacha mengi mengine. Lililo zuri katika kazi yao, na ambalo wengi walitumialo hawalijui, ni jinsi walivyolitenga jina na kitu chenyewe. Katika Unix faili halina jina. Lina namba tu, na chini ya namba hiyo huandikwa ukubwa wake, mwenyewe ni nani, na herufi zake zimekaa wapi. Folda nayo ni faili kama mengine, ila ndani yake mna orodha ya majina, na mbele ya kila jina mna namba. Katika toleo la zamani kila mstari ulichukua baiti 16, mbili za namba na 14 za jina. Kwa sababu hiyo faili moja laweza kutajwa katika folda mbili au tatu kwa majina mbalimbali, wala hapana mojawapo lililo la asili kuliko mengine. Jina likifutwa mahali pamoja, faili laendelea kuishi kwa majina yaliyobaki, na hufa lile la mwisho lifutwapo. Mwenye nakala ya Mwana Kupona angaliweza kuitaja katika folda zote tano. Ni suluhisho lililo tayari kwa zaidi ya miaka hamsini, na ni wachache mno walitumialo.

Katika Unix ndimo ilimotokea pia ajali yenye kuchekesha. Kila folda ilikuwa na alama mbili za daima, nukta moja kwa maana ya folda yenyewe na nukta mbili kwa maana ya folda iliyo juu yake. Ili zisijae katika orodha kila ilipochapwa, programu iliamriwa iruke kila jina linaloanza kwa nukta. Rob Pike, aliyefanya kazi katika maabara hiyo, ameeleza kwamba amri hiyo ilikuwa ni ya uvivu: ilikusudiwa kuficha majina mawili, ikaficha kila jina la namna hiyo. Watu wakaona mwanya, wakaanza kuficha mafaili yao kwa kuyapa nukta mbele. Hivyo kosa likawa desturi, na desturi ikawa kanuni ambayo leo yafundishwa darasani.

Kompyuta ndogo za miaka ya 1970 hazikuhitaji miti. Mfumo wa CP/M, alioutunga Gary Kildall mwaka wa 1974, ulikuwa na orodha moja tu kwa kila sahani, na majina ya herufi nane na nyongeza ya tatu. MS-DOS ya mwaka wa 1981 ilifuata nyayo hizo. Sahani laini ilichukua mafaili machache, na mtu aliyetaka kutenga mambo alitenga sahani, akaandika jina juu ya karatasi ya nje. Kabati lilikuwa juu ya meza. Mambo yalibadilika Machi 1983, IBM ilipouza mashine yenye sahani ngumu ya megabaiti 10, na pamoja nayo toleo la pili la mfumo lenye folda ndani ya folda. Hata alama ya mkwaju uliogeuzwa, iwasumbuayo wapigaji chapa hadi leo, ni ya wakati huo: mkwaju wa kawaida, ambao Unix iliutumia kutenga matawi, ulikwisha kupewa kazi nyingine katika toleo la kwanza.

Picha ya folda, ile ya karatasi ngumu yenye kiulimi juu, ilionekana katika biashara mwaka wa 1981, katika mashine ya Star ya kampuni ya Xerox. Bei yake ilizidi dola 16,000 na wanunuzi hawakuwa wengi. Kampuni ya Apple iliichukua fikira hiyo na kuiweka katika Macintosh ya Januari 1984, mashine ya watu wa kawaida. Lakini folda za Macintosh ile ya kwanza zilikuwa ni kiini macho. Mtu aliziona, alizifungua, alitia mafaili ndani. Ilhali katika sahani yenyewe mafaili yote yalikaa katika orodha moja, na kwa hiyo mafaili mawili ya jina moja hayakuweza kukaa katika sahani moja hata yakitiwa katika folda mbili. Mti wa kweli ulikuja Septemba 1985. Kwa mwaka mmoja na nusu watu walipanga vitu vyao katika kabati lililochorwa ukutani, na wengi hawakutambua.

Kuweka mafaili katika folda ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyapanga ndani yake yafuatane, na hapa kompyuta ina tabia zake za kuzaliwa. Mwaka wa 1963 Wamarekani waliafikiana juu ya jedwali la namba za herufi liitwalo ASCII, na mwaka wa 1967 herufi ndogo zikathibitishwa ndani yake. Tarakimu zilianzia namba 48, herufi kubwa 65, herufi ndogo 97. Mashine ilipoambiwa ipange majina ilizilinganisha namba hizo, herufi kwa herufi. Hivyo Zanzibar ilitangulia asali, kwa kuwa Z kubwa ni 90 na a ndogo ni 97. Na Sura 10 ilitangulia Sura 2, kwa kuwa mashine iliiona 1 kabla ya kujua kwamba ni kumi. Mpaka mwaka wa 2001, Windows XP ilipoanza kuzisoma tarakimu kama hesabu, waandishi walizoea kuandika 02 badala ya 2, na wengi hawajaacha.

Mwanafunzi wa historia aweza kupotezwa zaidi na tarehe. Desturi ya Afrika ya Mashariki ni kuanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Mtu akiyapa mafaili yake majina kwa desturi hiyo, kompyuta itayapanga hivi: 09-12-1961, Uhuru wa Tanganyika; 10-12-1963, Uhuru wa Zanzibar; 12-01-1964, Mapinduzi ya Zanzibar; 12-12-1963, Uhuru wa Kenya; 26-04-1964, Muungano. Mapinduzi yametangulia Uhuru wa Kenya, na asiyejua hatashtuka, kwa kuwa orodha imenyoka na yapendeza machoni. Majina ya miezi hayaponyi kitu, maana kwa alfabeti mwaka huanza Agosti na kwisha Septemba. Kanuni ya kimataifa iliyotolewa mwaka wa 1988 huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na manufaa yake ni haya: mpango wa herufi na mpango wa wakati huwa ni mpango mmoja. Uzi wa kale umerudi kwa njia ya jina.

Kwa Kiswahili kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni alama ya ng'. Kwa jedwali lile, ng'ombe hutangulia ngano ikiwa alama iliyopigwa ni ile iliyonyoka ya mashine ya chapa, ambayo namba yake ni 39. Lakini ikiwa ni ile iliyopinda, ambayo namba yake katika jedwali kubwa la Unicode ni 8217, neno lile lile huanguka nyuma ya nguzo. Programu nyingi za leo husawazisha jambo hilo, si zote. La pili ni la asili ya lugha. Kiswahili hubadili neno mwanzoni, na alfabeti hutazama mwanzo: Mwalimu yuko M, Walimu wako W, na Ualimu uko U. Watungaji wa kamusi walipambana na mkasa huu kabla ya kompyuta. Kamusi ya mwaka wa 1939, iliyotungwa chini ya Frederick Johnson juu ya msingi wa kazi ya Madan, iliyaweka maneno mengi yaliyozaliwa na kitenzi chini ya kitenzi chenyewe, ukoo mmoja nyumba moja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka wa 1981 ililipanga kila neno kwa herufi yake ya kwanza, na kuwaacha ndugu watawanyike ili mgeni awapate upesi. Njia ya kwanza yamfaa ajuaye lugha, ya pili yamfaa atafutaye. Kompyuta haikupewa hiari. Ilizaliwa na njia ya pili, na atakaye ya kwanza hana budi kuanza kila jina la faili kwa neno lisilobadilika.

Je, watu hupanga kweli? Thomas Malone aliwachunguza wafanyakazi wa ofisi na kuchapisha maoni yake mwaka wa 1983. Aliona kwamba karatasi zilizokaa ovyo juu ya meza hazikuwa uzembe mtupu: lundo lilikuwa ni ukumbusho wa kazi isiyokwisha, na mtu aliliacha lisiwe na jina kwa sababu hakujua bado ni jambo gani. Mwaka wa 1995 Deborah Barreau na Bonnie Nardi waliona yayo hayo katika kompyuta: watu walipenda kwenda mahali walipokumbuka kuwa wameweka kitu, kuliko kukitafuta kwa jina. Hata hivyo wenye makampuni waliamini kwamba mti umezeeka. Microsoft ilitangaza mwaka wa 2003 mpango wa kuweka mafaili yote katika hazina moja yenye kuulizwa, ikauacha mwaka wa 2006. Google ilitoa Gmail mwaka wa 2004, ambamo barua moja huweza kuwa na vibandiko vingi, jambo alilolililia Nelson. Simu ya Apple ya mwaka wa 2007 haikuwaonyesha watu folda za mafaili kabisa.

Kizazi kilicholelewa na simu hizo kimefika vyuoni. Mwaka wa 2021 iliandikwa kwamba walimu wa sayansi katika vyuo vya Marekani walikutana na wanafunzi wasioelewa swali la faili liko wapi. Kwao kila kitu kimo katika kapu moja, na mtu hutia mkono akatoa. Baadhi ya walimu walihuzunika, na huzuni yao ina sababu, kwani programu za utafiti zingali zataka kuambiwa njia kutoka kwenye shina hadi kwenye jani. Lakini kapu halikuwatosha hata wauzaji wake. Watu walikuwa na picha, hati na barua zilizotawanyika katika programu mbalimbali, kila moja ikiwa na kapu lake, na ya mwenziwe haioni. Mwaka wa 2017, baada ya miaka 10, Apple iliweka katika simu yake programu mpya ya kuonyesha mafaili. Alama yake ni folda.